Nani Alimlisha? Jina la Nunda baina ya Khimaira wa Wagiriki na Simba wa Njombe

1.0 Utangulizi

Katika kipindi cha fasihi simulizi, kwenye shule moja ya sekondari mjini Njombe, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza iwapo neno "nunda", lililomo katika ngano niliyokuwa nikiisimulia, ni tafsiri ya Kiswahili ya "Nundu". Alikuwa amelikuta jina hilo la pili katika kitabu cha J. K. Rowling kuhusu wanyama wa ajabu. Swali lake lilinichekesha kwanza, kisha likaniudhi, na hatimaye likawa chanzo cha makala haya. Kijana aliyekua akizungumza Kiswahili alikuwa amelipokea jina la mnyama wa Kiswahili kutoka Uingereza, likiwa limebadilishwa irabu moja, naye akadhani kwamba sisi ndio tulioazima.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulalamika kwamba tumeibiwa. Uhakiki wa namna hiyo upo wa kutosha, na haunishawishi sana, kwa sababu ngano husafiri na ni haki yake kusafiri. Makala haya yanauliza jambo jingine: jina la dubwana linapohama kutoka matini moja kwenda nyingine, ni nini kinachoachwa nyuma? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kinachoachwa nyuma mara nyingi ni mtu. Dubwana hubaki na meno yake, mkia wake na sifa ya kula watu. Anayepotea ni yule aliyemlisha.

Nadharia ya mwingilianomatini, kama ilivyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, inatosha kueleza jinsi matini inavyoingia ndani ya matini. Inasaidia kidogo tu tunapotaka kujua nani kaachwa njiani. Kwa hiyo imetumika hapa kwa kiasi, na kazi kubwa imefanywa kwa kuzisoma matini zenyewe kwa ukaribu.

2.0 Paka wa sultani

Ngano ya nunda iliingia katika maandishi mwaka 1870, pale Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, alipochapisha Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa kisiwa hicho. Humo imo hadithi ya sultani Majinuni, mwenye watoto saba wa kiume. Wa mwisho wao anadharauliwa na kuitwa Mkaajikoni kwa kuwa hashiriki mambo ya wakubwa. Sehemu ya kwanza inahusu mtende na ndege anayekula tende, tutaiacha. Sehemu ya pili inaanza kwa paka.

Paka huyu ni wa sultani, wa nyumbani. Siku moja anakamata ndama. Watu wanakwenda kumweleza bwana wao, naye anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Baada ya hapo anakamatwa mbuzi, kisha ng'ombe, punda, ngamia. Kila mara watu wanapeleka habari, na kila mara jibu ni lilelile: mla ni wangu, mliwa ni wangu. Hata habari inapokuwa ya mtoto wa mtu, jibu halibadiliki.

Wahakiki wamezoea kuiona takriri hii kama mbinu ya kawaida ya ngano, ya kumsaidia msimulizi kukumbuka na msikilizaji kuitikia. Ni kweli, lakini tuiangalie sarufi yake. Wananchi wanaleta kitenzi: amekamata. Sultani anarudisha kimilikishi: wangu. Hakanushi tukio, hasemi kwamba paka hakukamata. Analihamisha tukio kutoka katika uwanja wa kitendo na kuliweka katika uwanja wa mali, ambako yeye peke yake ndiye mwenye kauli. Msimulizi wa Zanzibar ya karne ya kumi na tisa, mji wa mabwana na watumwa, hakuhitaji kumweleza msikilizaji wake maana ya mtoto wa mtu kuhesabiwa pamoja na ngamia.

Kisha paka anahamia porini na kuanza kula wapitao njiani. Sultani anatoka na wanawe kutembelea nchi, mnyama anaruka kutoka kichakani na kuua watatu kati yao. Hapo ndipo jina linapozaliwa. Sultani anatamka kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda. Kwa kawaida tamko hilo husomwa kama utambuzi: mzee amefumbuka macho. Mimi nalisoma pia kama kujivua. Paka alikuwa "wangu". Nunda hana kimilikishi. Kubadilishwa kwa jina kunakata kamba iliyomfunga mnyama na nyumba aliyolelewa, na kunafanyika siku ileile ambayo hesabu ya damu imefika kwenye mlango wa sultani mwenyewe.

Matokeo ya jina hilo jipya yanaonekana katika safari ya Mkaajikoni. Kijana anaapa kumsaka nunda mla watu, lakini analijua jina bila kumjua mnyama. Anaua mbwa, anakwenda kwa mama yake akiimba kwa furaha kuuliza iwapo ndiye, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anaua ngawa, siye. Pundamilia, twiga, kifaru, tembo, bado siye. Watoto wanaposimuliwa sehemu hii hucheka, na wana haki ya kucheka. Hata hivyo, hebu tuwahesabu wanyama hao. Wote wamekufa kwa kosa la kutoitwa nunda, kwa kuwa mwindaji amepewa jina lisilo na historia. Na kuna kinaya ambacho sijaona mhakiki akikigusa: kijana huyu jina lake ni Mkaajikoni. Jikoni ndipo penye paka. Katika watoto wote saba, yeye ndiye aliyekaa karibu zaidi na mahali mnyama huyu alipokuwa akilala, naye ndiye anayelazimika kwenda porini kuuliza sura yake. Mwishowe anaelezwa alama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Haelezwi kwamba ni paka wa baba.

Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nunda alimjua sultani kuliko kiumbe yeyote, akala wanawe watatu. Ngano inaibishia methali, na nadhani inafanya hivyo kwa makusudi.

3.0 Mbuzi wa Amisodaros

Katika fasihi ya Wagiriki wa kale kuna dubwana ambaye jina lake lina mkasa unaofanana na huu, ingawa hakuna sababu ya kudhani kwamba ngano hizi mbili zilipata kukutana. Huyo ni Khimaira. Katika utenzi wa Iliad, kitabu cha sita, Homer anamweleza kwa maneno machache: mbele simba, nyuma nyoka, katikati mbuzi, na pumzi yake ni moto. Shujaa Bellerophon anatumwa kumuua, naye anamuua.

Jina lenyewe maana yake ni mbuzi jike. Jambo hili linastahili kutuchelewesha kidogo. Mnyama ana kichwa cha simba na mkia wa nyoka, viungo viwili vinavyotisha kweli, lakini aliitwa kwa kiungo cha tatu, kile cha zizini. Kama ilivyo kwa nunda aliyeanza kama paka, ndani ya jina la Khimaira kuna mnyama wa kufugwa anayelia.

Na kufugwa alifugwa. Homer anasema katika kitabu cha sita kwamba Khimaira alikuwa wa uzao wa miungu, hakuwa wa wanadamu. Lakini katika kitabu cha kumi na sita, katikati ya vita, wakati msomaji amekwisha kumsahau mnyama huyo, wanauawa ndugu wawili kwa mikuki ya wana wa Nestor. Mshairi anasita kidogo ili kututajia baba yao: ni Amisodaros, mtu yule aliyemlea Khimaira, balaa kwa watu wengi. Basi. Hakuna maelezo zaidi ya kwa nini alimlea, alimlisha nini, wala kama alijuta. Mlishaji wa dubwana anatajwa katika pumzi moja na vifo vya wanawe. Nimesoma vitabu vizima vya maadili vyenye uzito mdogo kuliko hapo.

Hesiod, katika Theogony, anampa Khimaira vichwa vitatu na kumweka katika ukoo wa madubwana: wazazi wake ni viumbe wa kutisha kama yeye. Masimulizi ya baadaye yalifuata njia hiyo ya ukoo, na Bellerophon akapata sifa pamoja na farasi wake mwenye mabawa. Amisodaros aliachwa katika mstari wake mmoja. Mnyama mwenye wazazi madubwana hahitaji mfugaji. Ubaya wake unajieleza wenyewe. Kufikia lugha za Ulaya za leo, jina Khimaira lilikuwa limeshuka na kuwa neno la kawaida lenye maana ya njozi isiyowezekana, na wanabiolojia wakalichukua kwa kiumbe chenye chembe za asili mbili. John Barth aliliweka juu ya jalada la riwaya yake mwaka 1972. Lina kila kitu isipokuwa yule mtu aliyekuwa akipeleka chakula bandani.

4.0 Noondah, mngwa, Nundu

Safari ya nunda katika Kiingereza ilikuwa ya haraka zaidi. Mwaka 1901 pekee ilitokea mara mbili. George W. Bateman aliiandika katika Zanzibar Tales, akilitamkisha jina kwa tahajia ya wasomaji wake wa Marekani, Noondah, na kuipa hadithi jina la kijana mwindaji. Andrew Lang aliiweka katika mkusanyiko wake wa hadithi za watoto akitumia matini ya Kijerumani ya Carl Velten, na yeye akachagua kichwa cha nunda mla watu. Sultani na paka wake bado wamo katika matoleo yote mawili. Kilichobadilika ni vichwa vya hadithi. Kwa Steere hadithi ilikuwa ya sultani. Sasa ni ya mwindaji au ya mnyama.

Hatua iliyofuata ni ya ajabu zaidi. William Hichens, hakimu wa kikoloni aliyefanya kazi Lindi na ambaye baadaye alihariri Al-Inkishafi, aliandika mwaka 1937 katika jarida la Discovery kuhusu wanyama wasiojulikana na sayansi. Mmoja wao ni nunda, ambaye pia aliitwa mngwa, paka mkubwa wa rangi ya kijivu aliyedaiwa kuua watu usiku katika mji huo. Hichens alikijua Kiswahili vizuri, na hatuna sababu ya kumdhihaki. Lakini tazama kilichotokea: jina lililotoka katika ngano kuhusu utawala limegeuka kuwa jina la spishi inayosubiri kupatikana. Swali la "paka wa nani" limekuwa "paka gani".

Ndipo tunapofika kwa Rowling. Katika Fantastic Beasts and Where to Find Them (2001), Nundu ni chui mkubwa wa Afrika Mashariki anayetembea bila kishindo, ambaye pumzi yake huleta maradhi ya kumaliza vijiji, na ambaye hajawahi kushindwa na wachawi stadi wasiofika mia moja. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kutabasamu, kwa kuwa nundu katika lugha yetu ni kile kinundu cha mgongoni mwa ng'ombe. Mnyama wa kuogofya kuliko wote ameitwa kwa jina la nyama nono. Ila kwa kuwa Khimaira naye ni mbuzi, pengine tusicheke sana.

Katika kitabu hichohicho, kurasa kadhaa kabla, yumo Khimaira. Majina haya mawili, moja la Likia ya kale na jingine la Zanzibar, yamekutana katika orodha moja, na yote yamepewa alama tano za hatari, daraja la juu kabisa. Huo ndio mwisho wa njia: orodha ya kialfabeti. Ndani ya orodha kila dubwana ana makazi, umbo na kipimo cha hatari. Hana sultani, hana Amisodaros. Vijiji vinavyomalizwa na pumzi ya Nundu vinamalizwa bila mtu yeyote kuwa amejibu, hata kwa uongo, kwamba mnyama ni wake.

5.0 Wala watu wa Njombe

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili limshughulishe mtafiti wa Njombe. Jibu ni kwamba hapa kwetu jina la aina hiyo lilipata kupewa wanyama halisi, na waliokufa walikuwa watu halisi.

Kati ya mwaka 1932 na 1947, simba waliua watu katika eneo la Njombe kwa wingi ambao haujulikani kuwa na mfano. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 1,500, na wapo wanaotaja zaidi. George Rushby, ofisa wa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika, ndiye aliyewakabili mwishoni. Anatajwa kuua simba 15 pamoja na askari wake katika miaka ya 1946 na 1947, kisha akayaandika hayo katika kumbukumbu zake, No More the Tusker (1965). Katika maandishi ya Kiingereza yaliyofuata, wanyama hao wanajulikana kwa jina moja: wala watu wa Njombe. Ni muundo uleule wa nunda mla watu, na wa wale simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, ambao filamu ya mwaka 1996 iliwaita Mzuka na Giza. Wilaya imekuwa kivumishi cha mnyama. Makambako ya leo ni mji wa njia panda, ambako barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya na reli ya TAZARA inapita; malori ya mbao na viazi hayalali. Lakini ukilitafuta jina la Njombe katika maktaba za mbali, kuna uwezekano mkubwa ukakutana na simba kabla ya kukutana na Mbena.

Rushby anaeleza kwamba wenyeji hawakutaka kuwazungumzia simba hao. Kwake ilikuwa hofu ya kishirikina iliyomkwamisha kazini. Anayekijua Kiswahili atakumbuka kwamba nyoka naye, usiku, huitwa kamba. Kunyamazia jina ni namna ya kutambua kwamba jina huita. Zaidi ya hayo, wenyeji hawakukaa kimya kabisa. Walikuwa na maelezo, nayo yalihusu mlishaji: kwamba simba walikuwa na mwenyewe, Matamula Mangera, jumbe aliyeondolewa madarakani, na kwamba vifo vingekoma akirudishiwa nafasi yake. Masimulizi yanadai kwamba alirudishiwa, na vifo vikakoma. Rushby aliamini bunduki zake.

Sitaki kusomeka kana kwamba natetea maelezo ya uchawi. Kumtaja mwenye simba ni jambo la hatari. Singida, katika miaka hiyohiyo ya 1940, mauaji ya "watu-simba" yaliwafikisha washitakiwa kwenye kitanzi. Na mwanzoni mwa mwaka 2019, mkoa wetu ulipoomboleza watoto waliouawa, na imani za kishirikina zikatajwa kuwa chanzo, sote tuliona jinsi swali la "nani" linavyoweza kuwasha nchi. Yeyote anayehakiki fasihi ya madubwana akiwa Njombe hana ruhusa ya kulichezea.

Hata hivyo maelezo ya wenyeji yalikuwa na umbo ambalo ngano ya Zanzibar na ule mstari mmoja wa Homer vinalo, na ambalo jina "wala watu wa Njombe" halina: yalishikilia kwamba dubwana ana uhusiano na mamlaka. Kinachoshangaza ni kwamba Rushby mwenyewe, akieleza sababu za kimazingira, anafika karibu na hapo. Kwa maelezo yake, serikali ilikuwa imewapunguza wanyamapori wa eneo hilo ili kuzuia sotoka isienee kwa ng'ombe. Simba wakakosa mawindo, wakageukia watu. Tuisome sentensi hiyo kama tulivyosoma jibu la sultani. Kuna aliyeamua mnyama gani aishi na yupi afe ili mali isalimike. Kuna waliopeleka habari za vifo kwa miaka kumi na mitano. Na ilipobidi, kuna waliotumwa porini na bunduki kumtafuta mwenye jina. Wenyeji walimtaja mtu asiye sahihi, lakini walikuwa wamekaa katika swali sahihi. Sababu aliyoitaja Rushby ilibaki ndani ya kitabu chake. Jina lililotoka nje na kusafiri halikuibeba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka ngano ya nunda ifundishwe kama hadithi ya ushujaa wa Mkaajikoni, mtoto aliyedharauliwa akaja kuwaokoa wote. Usomaji huo upo ndani ya matini na una utamu wake. Lakini ukifundishwa peke yake unatufikisha kwenye orodha ya Rowling kwa njia ya mkato, kwa kuwa shujaa anahitaji dubwana tu, hahitaji kujua alikulia wapi. Nikiwafundisha wanafunzi wa Njombe, nisingependa waisome hivyo hadithi inayofanana kiasi hiki na ya kwao.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na matini ya Steere, tukaisoma yote kwa sauti. Yule kijana wa Nundu hakuuliza tena habari za irabu. Msichana mmoja, mwenyeji wa upande wa Makambako, alitaka kujua sultani alifanywa nini baada ya nunda kuuawa. Tulirudi kwenye ukurasa wa mwisho kutazama. Sultani anafurahi, anampokea mwanawe kwa heshima, na watu wanapata amani. Hakuna anayemuuliza habari za ndama.